Bwami na mali: namna wazee wa Urega walivyoitafuta furaha

Mwaka mmoja, katika somo la historia, tulikuwa tunaelezea wanafunzi wa darasa la tano juu ya biashara ya pembe za tembo. Mwanafunzi mmoja akanyosha mkono. Tulifikiri anataka kuuliza juu ya Nyangwe ao juu ya Zanzibar. Akasema: «Mwalimu, weye ulisoma sana. Sasa uko na nini?» Darasa lote likacheka.

Kusema kweli, hatukuwa na jibu la mbio. Kijana huyo hakututukana; alikuwa amefanya hesabu tu. Kaka yake alikuwa anachimba zahabu, alikwisha kununua pikipiki na kuezeka nyumba yake mabati. Mwalimu wake alikuwa anakuja masomoni kwa miguu. Kwa hesabu hiyo, nani alikuwa mjinga?

Ni juu ya swali hilo tunaandika kurasa hizi. Hatutaki kusema kwamba mali ni mbaya. Mwenye kusema kwamba umaskini ni furaha, huyo hajakosa hata siku moja feza ya dawa ya mtoto usiku. Tunataka kuonyesha jambo lingine: kwamba wazee wa hapa kwetu, kabla ya shule na kabla ya kampani za zahabu, walikwisha kujiuliza mali ni ya kazi gani, na walijenga chama kizima kwa kulijibu swali hilo. Chama hicho kinaitwa bwami.

1. Bwami si ufalme

Kwanza tuondoe kosa moja. Kwa Bashi, kwa Bahavu na kwa majirani wengine wa Kivu, mwami ni mtawala. Ana watu wake, ana ardhi yake, na ufalme unatoka kwa baba unaenda kwa mwana. Kwa Balega haikuwa hivyo. Balega, ambao wanakaa katika pori kubwa la Mwenga na Shabunda katika Kivu ya Kusini, na la Pangi katika Maniema, hawakuwa na mfalme mmoja wa kuwatawala wote. Waliishi kwa koo, kila ukoo na wakubwa wake. Kitu kilichounganisha koo hizo kilikuwa bwami, na kila mtu aliyeingia ndani yake aliitwa mwami. Wakiwa wengi wanaitwa bami.

Hakuna aliyezaliwa mwami. Mtu aliingia kwa mapenzi yake, baada ya kutahiriwa katika bwali, na alipanda ngazi kwa ngazi. Majina na hesabu ya ngazi vilibadilika kidogo toka sehemu moja hadi nyingine, lakini zile zinazojulikana sana ni kongabulumbu, ambayo ni ya kuanzia, kisha ngandu, kisha yananio, na juu kabisa kindi. Wanawake pia walikuwa na ngazi zao, kama vile bombwa, bulonda na bunyamwa. Mwanamume hakuweza kufika kileleni peke yake: ilipasa mke wake naye apandishwe pamoja naye. Hapo wazee walikuwa wanasema wazi kwamba mtu ambaye nyumba yake haina ukubwa, naye hana ukubwa.

Na katika kila ngazi, kulikuwa na nini? Kulikuwa na mafundisho. Wakubwa walicheza, waliimba, walionyesha vitu, na kila kitu kilikuwa na methali yake. Mdomo wa ndege, ganda la konokono, jino la chui, magamba ya kakakuona, sanamu ndogo ya mti ao ya pembe: vyote vilikuwa kama ubao na chaki vya walimu wa zamani. Tuchukue kakakuona. Kwa Balega, mnyama huyu anaheshimiwa sana na haruhusiwi kuuawa ovyo, kwani wanasema ndiye aliyefundisha watu kuezeka nyumba, kwa namna magamba yake yanavyolaliana moja juu ya lingine kama majani ya paa. Jani moja halizuie mvua. Mwanafunzi wa bwami aliyetazama gamba hilo alikuwa anajifunza mambo ya ujenzi na mambo ya ukoo kwa mara moja.

Pale kati ya sanamu hizo kulikuwa na moja inayoitwa Sakimatwematwe, maana yake Bwana Vichwa-vingi, yenye nyuso za kutazama pande mbalimbali. Ilifundisha kwamba mwenye hekima anaona mbele na nyuma, na haangalie upande wake tu. Lengo la mafundisho yote lilikusanywa katika neno moja la Kilega, busoga, ambalo linachanganya uzuri na wema. Kwa wazee, hivyo viwili havikutengana. Mtu mzuri alikuwa mtu mwema, na kitu kizuri kilikuwa kile kinachomsaidia mtu kuwa mwema.

2. Mali ilikuwa ya kutoka mkononi

Sasa msomaji atatuuliza: mali inaingia wapi? Inaingia sana. Bwami haikuwa chama cha maskini, wala haikufundisha watu kukimbia mali. Kila ngazi ilikuwa na gharama. Mwenye kutaka kupanda alipaswa kukusanya mbuzi, nyama ya pori, mafuta, chumvi, na zaidi ya yote musanga, yaani zile nyuzi za vipande vya ganda la konokono ambavyo Balega walitumia kama feza. Mtu aliweza kutumia miaka mingi akikusanya.

Lakini tuangalie vizuri mambo mawili.

La kwanza ni kwamba hakuna aliyekusanya peke yake. Aliomba kwa ndugu za baba, kwa wajomba, kwa wakwe, kwa marafiki. Kwa hiyo ilimpasa kuwa mtu wa kusikilizana na watu. Mwenye ugomvi, mwenye choyo, mwenye kuzarau wajomba zake, huyo hata kama mitego yake ilikuwa inakamata kila siku, nani angemtolea mbuzi? Na wakubwa wa bwami walichunguza tabia yake kabla ya kumkubalia. Mali pekee haikufungua mlango.

La pili ni kwamba mali hiyo yote, siku ya sherehe, ilitoka mkononi. Iligawiwa kwa bami waliofika, ililiwa na kijiji, ilienda kwa wafundishaji na kwa wageni. Baada ya sherehe, mwami mpya alirudi nyumbani na ghala tupu. Alichopata ni fundisho, jina, alama ya ngazi yake, na watu. Kisha yeye naye, mwingine akipanda, alipata sehemu yake, na mali ikaendelea kuzunguka. Tajiri kwa Balega hakuwa yule aliyejaza nyumba. Alikuwa yule ambaye mali imepitia mikononi mwake ikaenda kwa wengi, na wengi wakakumbuka.

Tena tuangalie ile alama yenyewe. Kilele cha bwami, kindi, mtu angefikiri kimewekewa kiti cha zahabu ao nyumba ya ghorofa. Hapana. Alama zake kubwa zilikuwa kofia yenye mkia wa tembo, na sanamu ya pembe ambayo mara nyingi ilitosha kushikwa kwa mkono mmoja. Sanamu hiyo ilipakwa mafuta na kusuguliwa, kama vile mwili wa mwenyewe ulivyopakwa mafuta, mpaka ikang'aa kwa rangi ya asali. Na hata hiyo hakuwa na ruhusa ya kuiuza. Alipokufa, vitu vyake vya bwami viliwekwa juu ya kaburi kwa muda, kisha vikatunzwa mpaka akapatikana wa ukoo wake aliyestahili kuvichukua. Kwa maneno mengine, kitu cha heshima kuliko vyote katika maisha ya Mlega kilikuwa kitu alichokopeshwa tu.

3. Pembe moja, hesabu mbili

Hapa historia inatupa mfano ambao sisi walimu tunaupenda sana, sababu unaonyesha jambo lote kwa kitu kimoja.

Katika miaka ya 1860 na 1870, wafanyabiashara waliotoka Zanzibar na pwani walifika Maniema. Walijenga vituo vyao Nyangwe na Kasongo, na Tippu Tip ndiye aliyekuwa na jina kubwa kati yao. Kiswahili hiki tunachoandika kilifika kwetu kwa njia hiyo hiyo, kwa vinywa vya Wangwana na wapagazi wao. Walichokuja kutafuta ni pembe za tembo, na pamoja na pembe walichukua watu. David Livingstone alikuwa Nyangwe mwezi wa 7 mwaka 1871 na akaona kwa macho yake mauaji ya watu sokoni. Baadaye, kati ya mwaka 1892 na 1894, wanajeshi wa mfalme Leopold wa pili walipigana na wafanyabiashara hao na kuwashinda. Mwenye kununua pembe akabadilika jina, lakini pembe ziliendelea kutoka.

Ziliendelea kwenda wapi? Ziliingia merikebuni, zikaenda Ulaya na Marekani, na huko zikafanywa vibao vya piano, mipira ya kuchezea bilia, mipini ya visu. Pembe ilikuwa mzigo wenye kilo na bei.

Wakati ule ule, katika pori lile lile, fundi wa Kilega alichukua kipande cha pembe ya namna ile ile, akachonga uso mdogo, macho mawili ya duara, mdomo uliofungwa. Akampa mwami. Kipande hicho hakikuwa na bei, kwani hakikuwa na soko. Pembe ya kwanza ilichoma vijiji moto, ya pili ilifundisha wajukuu. Tembo walikuwa wa namna moja. Hesabu ndiyo iliyokuwa mbili.

4. Bwami inapigwa marufuku

Wakoloni Wabelgiji hawakuielewa bwami. Kamanda Delhaise, ambaye alichapisha kitabu juu ya Balega mwaka 1909 kwa jina la Les Warega, aliandika mengi aliyoyaona. Lakini watawala waliofuata walikuwa na haja nyingine. Walitaka chifu mmoja wa kuitwa, wa kupokea amri, wa kukusanya kodi na kutoa watu wa kazi. Katika bwami walikuta wakubwa wengi wasiopokea amri ya mtu, wanaokusanyika mbali na macho ya serkali. Wakasema ni chama cha siri, kinapoteza mali ya watu, kinazuia maendeleo. Mwaka 1948 ilipigwa marufuku.

Tufikiri kidogo juu ya lile neno «kupoteza mali». Mtawala aliona mbuzi zinaliwa na musanga unagawiwa, akasema: hasara. Lakini kodi yake, iliyotoka kijijini na hairudi, hakuiita hasara. Hakuona kwamba mbuzi zile zilikuwa zinanunua kitu ambacho hakikuandikwa katika daftari lake: amani kati ya koo.

Kwa bahati, si wageni wote walifunga macho. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mtafiti mmoja Mbelgiji, Daniel Biebuyck, alikuja kukaa na bami, akaona sherehe nyingi na kuandika mafundisho yao. Mwaka 1973 alichapisha kitabu kikubwa, Lega Culture, na katika jina la kitabu hicho aliweka neno la falsafa. Kile ambacho ofisi ya serkali iliita ushenzi, yeye alikiita falsafa ya mwenendo mwema.

Wakati huo vitu vyenyewe vilikuwa vimekwisha kusafiri. Vingine vilichukuliwa, vingine viliuzwa na watu walioogopa ao waliohitaji feza ya kodi. Leo sanamu za kindi ziko katika nyumba za makumbusho, kama Tervuren kule Ubelgiji, na katika sanduku za matajiri, na zinauzwa kwa mnada kwa bei ambayo mwalimu wa Shabunda hataipata katika maisha yake yote. Kitu kilichochongwa kwa kufundisha kwamba si kila kitu kinauzwa, sasa kina karatasi ya bei chini yake.

5. Zahabu chini ya miguu

Kisha ikafika zahabu. Kampani ya MGL, yaani Minière des Grands Lacs, iliundwa mwaka 1923, na kwa miaka mingi ilichimba Kamituga. Hapo pori lilifanyika mji. Watu wa makabila mengi walikuja kutafuta kazi, na wengi walijifunza kuhesabu maisha kwa mshahara wa mwisho wa mwezi. Mwaka 1976 kampani za zahabu na za kasiteriti ziliunganishwa zikawa Sominki. Mwaka 1982 sheria iliwaruhusu raia kuchimba na kuuza zahabu na mawe ya bei. Mwaka 1985 bei ya kasiteriti ilianguka katika soko la dunia, na Sominki ikazoofika mpaka ikakufa katika miaka ya 1990, wakati vita ilipoingia.

Wasomaji wengi wanakumbuka mwaka 2000, bei ya koltani ilivyopanda kama moshi. Vijana waliacha mashamba, waliacha masomo, hata walimu waliacha chaki. Ndege ndogo zilikuwa zinatua Shabunda kuchukua mifuko. Mwaka 2001 bei ikaanguka. Wenye silaha walibaki, mashimo yalibaki, na mashamba yalikwisha kuota majani. Na mwezi wa 9 mwaka 2020, mvua kubwa ilijaza mashimo ya zahabu ya Kamituga na watu wapatao 50 wakafia ndani. Wengi walikuwa vijana wa umri wa wale tunaowafundisha.

Hatuwalaumu. Shimo linawaita sababu nyumbani kuna njaa. Lakini tumeona jambo ambalo kila mwenye kukaa karibu na machimbo amekwisha kuliona. Kijana anapata gramu nyingi siku ya juma moja. Siku ya juma mbili hana kitu. Feza imeenda kwa bia, kwa simu, kwa nguo, kwa kuonekana. Ukimwuliza, atakuambia feza ya shimo haikai. Sisi tunafikiri sababu si uchawi. Feza hiyo ilitoka mkononi, sawasawa na mali ya mwami ilivyotoka mkononi, lakini haikwenda kwa mtu. Haikuacha fundisho, wala jina, wala mjomba mwenye deni la wema. Mwami na mchimbaji wote wawili walibaki mikono mitupu. Mmoja alibaki na watu, mwingine alibaki na kiu.

6. Tusiwafanye wazee kuwa malaika

Tukiandika hivi, wengine watasema tunapamba mambo ya zamani. Basi tuseme na makosa. Katika bwami, mtoto wa ukoo mdogo, asiye na wajomba wengi, alipata shida ya kupanda hata kama moyo wake ulikuwa mwema. Mwanamke, ukubwa wake ulifungwa na ngazi ya mumewe. Wengine walijitia madeni mazito. Na hakika kulikuwa na watu waliopenda kofia kuliko fundisho. Wanadamu ni wanadamu. Hatuombi kila kijana wa leo aende kutafuta mkia wa tembo. Tembo wenyewe wamebaki wangapi?

Tunachoomba kibaki ni ile hesabu ya pili. Na kusema kweli haijafa. Tazama likelemba ya mama wauza mihogo: kila mmoja anatoa kidogo, mmoja anapokea zote, kesho ni zamu ya mwingine. Tazama kilio mtaani: kabla jua halijazama, watu wasio na kitu wamekwisha kuchanga sanduku, sukari na makaa. Tazama mutualite za watu wa kijiji kimoja wanaoishi mjini. Hapo mali inazunguka kama musanga ulivyozunguka, na anayetoa anatembea na kichwa juu siku ile. Hiyo ni furaha, na haionekani katika daftari la bei.

Lakini mambo haya yanakaa kama desturi tu, bila mafundisho. Bwami ilikuwa na shule yake: ilichukua gamba la kakakuona ikamwuliza kijana, «Hili linasema nini?» Leo mtoto anachanga kwenye kilio sababu mama amemtuma, lakini hakuna aliyemweleza maana. Anayemweleza maana ya maisha ni mwenye kununua zahabu. Ndiyo maana tunawaomba wazazi na wenzetu walimu: wakati wazee wachache wanaojua bado wanaishi, tuwaite, tuwaulize, tuandike yale wanayoruhusu yaandikwe. Yale ya siri tuyaachie wenyewe. Yale ya wazi yanatosha kujaza masomo ya mwaka mzima.

Tumalize na yule kijana. Siku ile tulimjibu vibaya. Tulimwambia akae chini, tukaendelea na pembe na Zanzibar. Tungalikuwa na hekima, tungalimwambia kwamba swali lake ni zuri lakini limekatwa katikati. Wazee wa Urega nao walimwuliza mtu: uko na nini? Kisha waliongeza: na kilichopita mikononi mwako, kilienda kwa nani?

Miaka michache baadaye tulikutana naye njiani. Alitusimamisha, akashuka kwenye pikipiki, akatusalimu kwa mikono miwili, na akatubeba mpaka nyumbani. Tulipotaka kumlipa alikataa. Akasema: «Hapana, mwalimu. Weye njo ulinionyesha kusoma.» Hapo tuliona kwamba jibu la swali lake alikuwa nalo yeye mwenyewe.